Harvard ililia, Mustang ikanguruma: jibu kwa msomaji wa Uyole

Swali: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilimtembelea mjomba wangu Johannesburg, akanipeleka kwenye maonyesho madogo ya ndege za zamani za pangaboi. Kulikuwa na Harvard tatu za njano na Mustang moja. Kilichonishangaza, Harvard zilipiga kelele kuliko Mustang mpaka watoto wakaziba masikio, ingawa mtangazaji alisema injini ya Harvard haifiki hata nusu ya nguvu ya mwenzake. Nimerudi Uyole, hapa Mbeya, na video kwenye simu, sasa nabishana na fundi wetu wa pikipiki. Yeye anasema kelele ndiyo nguvu, kwa hiyo mtangazaji alikosea. Anasema pia ile injini ya duara ni ukale tu, na kwamba ndege zile haziwezi kuruka Mbeya kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Tumewekeana chipsi mayai. Nani kashinda? Na ule moshi mwingi Harvard zilipowashwa, ulikuwa ubovu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Video yako nimeicheza mara nne, mbili nikitazama na mbili nimefumba macho, maana swali lako la kwanza ni la masikio.

Nianze na hesabu, kwa sababu fundi wako ataiamini hesabu kabla ya kuniamini mimi. Harvard inavutwa na injini ya Pratt & Whitney inayoitwa Wasp: silinda 9 zilizopangwa duara, ujazo wa lita 22, nguvu za farasi 600. Pangaboi yake imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, yaani shafti kuu la injini, hakuna gia katikati. Wakati wa kupaa injini inazunguka mara 2,250 kwa dakika, na pangaboi nayo ni hizo hizo 2,250. Upana wa pangaboi kutoka ncha hadi ncha ni mita 2.74. Zidisha kwa 3.14, utaona kwamba kila mzunguko ncha inasafiri mita 8.6. Mizunguko 2,250 kwa dakika ni 37.5 kwa sekunde. Ncha ile, basi, inakimbia mita 323 kila sekunde, na hapo hujaongeza mwendo wa ndege yenyewe. Sauti, siku ya joto la nyuzi 20, inasafiri mita 343 kwa sekunde.

Umeona zilivyokaribiana? Ncha ya pangaboi ya Harvard inakaribia kuifukuza sauti yake mwenyewe. Kama umewahi kufika Usangu wakati wa kulima kwa ng'ombe, unaujua mjeledi. Mkono wa mkulima hauendi kasi, mpini hauendi kasi, lakini ncha ya kamba inapochapuka inapita kasi ya sauti, na ule mlio kama risasi ndio huo. Ng'ombe hata hajaguswa. Pangaboi ya Harvard haijafika huko kwenye kupita, ila iko mlangoni, na hewa iliyo mbele ya ncha inasukumwa na kubanwa kabla haijapata nafasi ya kupisha. Ule mlio wa kukwaruza uliowafanya watoto wazibe masikio umetoka kwenye ncha mbili za bati gumu. Injini yenyewe ilichangia kidogo tu.

Sasa Mustang. Ile unayoiona kwenye maonyesho mara nyingi ni aina ya D, yenye injini ya Merlin. Merlin ni kazi ya Rolls-Royce ya Uingereza, lakini hizi za Mustang zilitengenezwa Marekani na kiwanda cha magari cha Packard. Silinda 12 kwa umbo la V, lita 27, nguvu za farasi karibu 1,500. Mtangazaji wako hakukosea hata kidogo. Injini hiyo inazunguka mara 3,000 kwa dakika, ila mbele yake kuna gia inayopunguza, hivyo pangaboi inapata mizunguko 1,437 tu. Pangaboi ni kubwa zaidi, mita 3.4, lakini fanya hesabu ile ile utapata mita 256 hivi kwa sekunde. Iko mbali na kasi ya sauti. Hewa inapata muda wa kupisha, na nguvu nyingi inaishia kuvuta ndege.

Zile Bombardier Q400 ambazo shirika letu la ndege, Air Tanzania, lilianza kuzileta mwaka 2016, ambazo watu walizibeza eti ni pangaboi, zimekwenda mbali zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Zina mapanga sita kila upande, upana zaidi ya mita 4, na zinapopaa zinazunguka mara elfu moja hivi kwa dakika. Ndani hazina pistoni hata moja, zina tabini, yaani feni inayozungushwa na gesi ya moto. Ndiyo maana ukiwa kiwanja cha ndege cha Songwe unaweza kuendelea na simu yako zikipita.

Ushahidi uko kwenye video yako mwenyewe. Cheza tena pale Harvard ya kwanza inapoacha ardhi. Sekunde kadhaa baada ya magurudumu kupanda, ule mkwaruzo unakatika kama mtu aliyezibwa mdomo, ila ndege inaendelea kupanda. Hapo rubani amerudisha mizunguko kutoka 2,250 hadi karibu 2,000. Ncha imeshuka hadi mita 287 kwa sekunde, na kelele imekufa. Kitu kingine: Harvard ilipokuwa ubavuni kwenu ililia sana, ilipowapa mgongo ikatulia. Mlio wa ncha hutawanyika zaidi kuelekea pembeni, usawa wa duara la pangaboi. Kama kelele ingekuwa ya ekzosi isingebadilika hivyo.

Kwa hiyo unaposikiliza Mustang, unachosikia zaidi ni injini. Kila silinda inalipuka mara moja katika mizunguko miwili. Silinda 12 kwa mizunguko 3,000 ni milipuko 18,000 kwa dakika, yaani 300 kila sekunde, na kila silinda ina kibomba chake kifupi kinachotokea ubavuni bila sailensa yoyote. Milipuko 300 kwa sekunde sikio haliwezi kuitenganisha, inaifanya sauti moja nene. Mafundi wengi wa rika langu wanaipenda sauti hiyo kupita muziki. Mimi, nikiulizwa, nachagua injini ya duara inayozunguka polepole chini, pof, pof, pof, kila silinda ikijitambulisha. Lakini hilo ni suala la ladha.

Tuje kwenye hewa yetu.

Hapa fundi wako ana hoja, ila ameishika kwa mkia. Kiwanja cha zamani cha Mbeya, pale chini ya mlima Loleza, kiko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Songwe kiko chini zaidi, kama mita 1,350, na Nduli ya Iringa ni mita 1,400 na kidogo. Kwenye mita 1,700, siku ya Oktoba yenye joto la nyuzi 25, hewa unayovuta ina uzito pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani. Injini ya pistoni inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Nimefanya kazi miaka mingi na Cessna 206 za kawaida, zenye farasi 300. Ukifika Mbeya saa nane mchana una farasi 240 hivi, abiria ni wale wale na magunia ni yale yale. Tulikuwa tunaondoka alfajiri, na si kwa sababu tulipenda baridi.

Madereva wa malori wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Lori lisilo na tabo likipanda Kitonga linahema kama mzee, lenye tabo linampita kwa honi. Tabo kazi yake ni kubana hewa kabla haijaingia kwenye silinda, ili injini ya juu mlimani idhani iko Kurasini. Sasa ndege za kivita za wakati ule zilikuwa na ndugu yake tabo, supachaja. Tofauti ni kwamba tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, supachaja inazungushwa na krenki kupitia gia. Wasp ya Harvard inayo ndogo, na inatosha kuilinda nguvu yake hadi mita 1,500 hivi. Yaani imepimwa kana kwamba mtu alikuwa na Iringa akilini. Ukipita hapo inaanza kuchoka taratibu.

Merlin ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1942 ilitoka Merlin 61 yenye supachaja ya hatua mbili na kasi mbili: feni moja inabana hewa, inaipokeza kwa ya pili inaibana tena, halafu hewa hiyo, ambayo sasa imechemka kwa kubanwa, inapozwa kabla ya kuingia. Feni hizo kwenye gia ya juu zinazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kazi kubwa ya hesabu zake ilifanywa na Stanley Hooker, ambaye alikuwa mtu wa hisabati na si fundi wa spana. Matokeo yake, Mustang D haina haraka kubwa karibu na ardhi. Mwendo wake wa juu kabisa, karibu kilomita 700 kwa saa, inaupata kwenye mita 7,600. Hiyo ni juu kupita kilele cha Kilimanjaro kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndege iliyotengenezwa kupigana huko, Mbeya inaiona kama pwani. Kwenye kimo chetu rubani analazimika kuizuia isijibane hewa kupita kiasi na kutoboa pistoni, na marubani wa leo, wanaojua bei ya Merlin, hawaisukumi hadi kikomo cha vita.

Halafu kuna jambo ambalo nilidhani utaliona mwenyewe. Uwanja mkubwa wa Johannesburg, O. R. Tambo, uko mita 1,694. Ni kimo cha Mbeya, ukipunguza nyumba mbili za ghorofa. Zile ndege uliziona zikiruka kwenye hewa yetu, mwanangu, ila tu ilikuwa upande wa pili wa Limpopo.

Hewa nyepesi ina madai yake hata hivyo, na supachaja haiyafuti yote. Bawa halina supachaja. Ili libebe uzito ule ule kwenye hewa pungufu, lazima ndege ikimbie zaidi. Kipima mwendo mbele ya rubani kitamwonyesha kilomita 160 kwa saa, kumbe juu ya ardhi anakwenda karibu 180, na breki zinajua ukweli ni upi. Kwa hiyo inataka lami ndefu. Songwe ina zaidi ya kilomita 3, hapo hakuna shaka.

La pili ni kuchemka. Mama yako anajua maharage ya Mbeya yanavyochelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam, hata moto ukiwa mkali. Kwenye kimo chetu maji yanatokota kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na kuanzia hapo hata ukiongeza kuni hayapandi. Injini inayopozwa kwa maji ingepata taabu hiyo hiyo, tena angani kabisa ingekuwa balaa. Ndiyo maana Merlin za mwanzo zilijazwa glikoli tupu, kimiminika kinachohitaji joto kubwa kuliko maji ili kichemke, na baadaye wakatumia mchanganyiko wa maji na glikoli ndani ya mfumo uliofungwa kwa mgandamizo, kama mama anavyofunga sufuria ya presha. Spitfire, binamu wa Mustang kwa injini, ilikuwa na rejeta chini ya mabawa, mguu wa gurudumu ukiwa umekaa mbele ya mojawapo. Ikisubiri ardhini dakika nyingi inachemka. Ukiona siku moja rubani wa Spitfire anaonyesha ishara za kuomba njia kwa haraka, usidhani ana maringo.

Na hapo ndipo ninapotaka kumjibu fundi wako kuhusu ukale wa injini ya duara, maana neno hilo limenigusa.

Injini ya duara inapozwa na upepo. Haina rejeta, haina bomba la maji, haina kiunganishi cha kuvuja. Mustang ina rejeta tumboni na mabomba marefu kutoka mbele hadi huko. Risasi moja ya bunduki ya kawaida ikipasua bomba, maji yanamwagika, na rubani ana dakika chache. Kikosi cha 2 cha jeshi la anga la Afrika Kusini kilikwenda vita vya Korea mwaka 1950 na Mustang. Kazi waliyopewa haikuwa ile ya kupigana juu kabisa ambayo ndege ile ilizaliwa kwayo. Walitumwa chini, bondeni, kushambulia malori na mizinga, mahali ambapo kila askari mwenye bunduki aliweza kuwalenga. Kati ya Mustang 95 walizotumia, walipoteza 74. Si zote zilipotea kwa ajili ya rejeta, lakini mtu yeyote aliyefungua koki ya maji ya injini anaelewa maana ya kupita chini na mzigo huo tumboni. Ndege za injini za duara kama Thunderbolt, silinda 18, lita 46, zilirudi nyumbani mara nyingi na silinda moja ikiwa imepasuka, zikimwaga oili ubavu mzima.

Ni kweli injini ya duara ina sura pana inayokinza upepo, na kwa mwendo wa juu V nyembamba ina faida. Lakini kusema ni ukale ni kama kusema jembe ni ukale kwa kuwa kuna trekta. Harvard zilifundisha marubani wa Afrika Kusini tangu vita kuu ya pili hadi mwaka 1995, wakati ndege za jeti zilishajaa kwenye mahanga yao. Kwa njia, Harvard si ndege ya kivita kwa maana halisi. Ni ya mafunzo. Vijana walipitia hiyo ndipo wakapewa Spitfire au Mustang, na marubani wa zamani wanasema yenyewe ilikuwa ngumu zaidi kutua nayo.

Sababu ya ugumu unaiona kwenye video yako, pale inapotembea ardhini ikienda kushoto na kulia kama mlevi anayetoka kilabuni. Rubani hakuwa anacheza. Ndege hizi zina gurudumu la tatu mkiani, pua imeelekea mbinguni, na mbele haoni kitu ila injini. Anayumba ili achungulie pembeni. Zaidi ya hapo, uzito mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu. Jaribu kusukuma mkokoteni wenye mzigo kinyumenyume, uone unavyotaka kugeuka wenyewe. Ndege ikitua na kuyumba kidogo tu bila rubani kuiwahi kwa miguu, mkia unataka kutangulia mbele.

Wazee wa huku kwetu sauti hizi hawakuzijua kwa maonyesho. Vijana wa Tanganyika waliokwenda Burma na King's African Rifles, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope, na msaada wao kutoka juu ulikuwa ndege za kivita za Hurricane zenye Merlin, na baadaye mwaka huo Thunderbolt zikaanza kufika upande ule wa vita. Mzee mmoja wa kijijini kwetu alikuwa akisikia ndege yoyote anasimama kwanza, anasikiliza, ndipo anaendelea kulima. Na ukipita Ifunda au Kidugala, hapo palikuwa na kambi za wakimbizi wa Poland wakati wa vita, wengi wao familia za askari. Ndugu zao wengine walikuwa Uingereza, kwenye vikosi vya Wapoland kama cha 303, wakirusha Hurricane mwaka 1940.

Umeuliza pia mwishoni mwa ujumbe wako kuhusu moshi wa kuwashia, kama ulikuwa ubovu. Hapana. Injini ya duara ikisimama, oili inateremka na kukaa kwenye silinda za chini. Ikiwashwa inaungua, unapata lile wingu. Ndiyo maana uliwaona wale jamaa wawili wakizungusha pangaboi kwa mikono kabla: wanahakikisha oili haijajaa kiasi cha kupinda fimbo ya pistoni.

Ila wewe usije ukaigusa, hata mjomba wako akikuambia upige picha umeishika. Magneto ya ndege, kile kifaa kinachotoa cheche za injini, haihitaji betri, na swichi inaizima kwa kuiunganisha na bodi kwa waya mmoja. Waya huo ukikatika, swichi inasomeka imezimwa na magneto iko hai. Niliwahi kuzungusha pangaboi ya ndege ndogo iliyozimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, ikapiga mlipuko mmoja. Ilinipita kwenye mkono wa shati. Shati lile mke wangu alilishona, nikalivaa miaka mingine mitatu.

Kuhusu chipsi mayai: kwenye kelele fundi ameshindwa, na Mbeya ameshindwa pia. Kwenye injini ya duara ameshindwa kwa nusu, maana V ina mwendo. Mwambie alipe sahani moja, wewe umnunulie soda. Na mwakani ukienda, wahini mapema muwe karibu na kamba kabla injini hazijawashwa, kisha uniletee video ya Wasp ikiwa baridi, ile ya silinda tatu kuanza, sita zikifuata, na ile ya tisa ikikataa kwanza.